Rimu ya aloi ikichomelewa, ugumu hupotea
Msikilizaji wa bodaboda unayepita kati ya Kayanga na Nkwenda, rimu yako isiyo na spoku si alumini tupu. Alumini tupu ni laini, hubonyea kama sufuria. Rimu nzuri huongezwa silikoni na magnesi kidogo, hupashwa moto zaidi ya nyuzi 500 za Selsiasi, hupozwa ghafla kwa maji, kisha hupashwa tena nyuzi kama 160 kwa saa kadhaa. Ndipo chembe ndogo mno hujitokeza ndani ya chuma na kukizuia kupinda. Mjerumani Alfred Wilm aligundua jambo hili mwaka 1906, akitumia alumini yenye shaba. Moto wa kuchomelea huziharibu chembe hizo. Kwa macho rimu imepona, lakini pembeni ya kiungo imelegea. Ikipasuka, badilisha.