Kibarua asiyeandikwa: ujira wa mashambani na bei ya chakula wilayani Same

Msimu wa mpunga unapofika katika tambarare za Ndungu, Maore na Kihurio, wilayani Same, mashamba hupokea watu ambao majina yao hayaandikwi popote. Hutayarisha majaruba, hupandikiza miche, hupalilia, huamia ndege na kuvuna, kisha hulipwa mkononi na kuondoka. Hali ni hiyo hiyo milimani Upare, katika mashamba ya tangawizi ya Mamba Myamba. Watu hao huitwa vibarua. Mjadala unaowahusu hurudi kila mara kwenye swali moja: iwapo watalipwa kama sheria inavyotaka, je, mlaji wa mjini ataumia kwa bei ya chakula?

Katika nchi nyingine, hususan Marekani na baadhi ya nchi za Ulaya, mfanyakazi wa shamba asiye na nyaraka ni mhamiaji aliyeingia au kubaki nchini bila kibali. Tanzania nayo inalifahamu suala hilo, zaidi katika mikoa ya Kigoma na Kagera, ambako raia wa Burundi huvuka mpaka kutafuta vibarua vya msimu. Ajira za wageni husimamiwa na Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni Na. 1 ya mwaka 2015. Aidha, Itifaki ya Soko la Pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 1, 2010, haikumwondolea mwajiri wajibu wa kupata kibali cha kazi kwa mgeni anayemwajiri. Kwa Same, ingawa wilaya inapakana na Kenya, kiini cha suala ni kingine. Kibarua wa hapa kwa kawaida ni raia, na anachokosa ni karatasi inayoeleza ameajiriwa na nani, kwa kazi gani na kwa ujira gani.

Upungufu huo una historia ndefu. Mkonge uliletwa nchini mwaka 1893 na Richard Hindorf, ambaye kati ya miche 1,000 iliyotoka Florida alibaki na 62 tu iliyo hai. Miche hiyo ilizaa mashamba makubwa yaliyoenea Tanga na kandokando ya reli iliyopita Same kuelekea Moshi. Wafanyakazi waliosafirishwa kutoka mbali kuja kwenye mashamba hayo walijulikana kama manamba, kwa kuwa kila mmoja alipewa namba. Wengine walifanya kazi kwa kipande, yaani kadi iliyojazwa siku 30 za kazi ndipo ujira wa mwezi utolewe. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda chombo chao cha kuandikisha nguvukazi, SILABU. Inashangaza kidogo kwamba mfumo ule wa kikoloni, pamoja na ukali wake wote, ulikuwa na kumbukumbu nyingi za mfanyakazi kuliko alizonazo kibarua wengi wa leo. Lakini kumbukumbu hizo ziliwekwa kwa faida ya mwajiri. Kima cha chini cha mshahara kwa nchi nzima kilikuja baadaye, kufuatia mapendekezo ya Bodi ya Chesworth ya mwaka 1962.

Ni vyema pia kutenganisha kibarua na msaragambo. Wapare wana desturi ya muda mrefu ya kufanya kazi kwa pamoja bila malipo katika kuchimba na kusafisha mifereji na ndiva, mabwawa madogo yanayohifadhi maji ya umwagiliaji. Anayefika kwenye msaragambo hudai zamu ya maji, si ujira. Pale mwenye shamba anapoita watu kulima shamba lake binafsi kwa malipo, hapo ni ajira, hata kama wote ni ndugu wa kijiji kimoja.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini Na. 6 ya mwaka 2004 inaeleza jambo ambalo wenye mashamba wengi hawalijui. Kifungu cha 15 kinamtaka mwajiri kumpa mfanyakazi, anapoanza kazi, maelezo ya maandishi: jina lake, kazi yake, mahali pa kazi, tarehe ya kuanza, saa za kazi, kiasi cha ujira na namna unavyokokotolewa. Anayefanya kazi chini ya siku 6 kwa mwezi kwa mwajiri mmoja ndiye pekee asiyehusika na kifungu hicho. Kwa maneno mengine, anayepalilia shamba la mtu mmoja kwa wiki nzima anastahili karatasi. Kifungu hicho pia kinaeleza kuwa endapo mgogoro utafika mbele ya chombo cha sheria na mwajiri akashindwa kuonesha maandishi hayo, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha sharti la ajira linalodaiwa utakuwa wake. Mwenye shamba anayekwepa kuandika kwa kudhani anajilinda, kwa kweli anajivua kinga.

Hoja inayosikika mara nyingi ni kwamba kibarua si mfanyakazi. Sheria ya Taasisi za Kazi Na. 7 ya mwaka 2004 imeijibu katika kifungu cha 61. Miongoni mwa vigezo vya kumhesabu mtu kuwa mfanyakazi ni kumfanyia kazi mtu mwingine kwa wastani wa saa zisizopungua 45 kwa mwezi katika miezi 3 iliyopita. Saa 45 ni siku 5 za saa 9. Vibarua wanaorudi kwa tajiri yule yule tangu kupandikiza hadi kuvuna hufikia kiwango hicho bila shida.

Kuhusu ujira, Amri ya Kima cha Chini cha Mshahara iliyotumika kuanzia Januari 1, 2023 iliweka shilingi 140,000 kwa mwezi katika sekta ya kilimo, kutoka shilingi 100,000 za amri ya mwaka 2013. Ukigawa kwa siku 26 za kazi, ilikuwa takribani shilingi 5,385 kwa siku. Amri iliyofuata, inayotumika tangu Januari 1, 2026, imepandisha wastani wa kima cha chini katika sekta binafsi kwa asilimia 33.4. Mashambani, hata hivyo, malipo mengi hayahesabiwi kwa siku bali kwa eneo lililolimwa au kwa gunia lililojazwa. Utaratibu huo haukukatazwa. Sheria inataka ujira wa namna hiyo uhesabiwe kama wa wiki, kwa kuangalia wastani wa mapato ya wiki 13 zilizotangulia, au muda mfupi zaidi ikiwa hajafikisha wiki hizo. Ni wazi kwamba bila daftari hesabu hiyo haiwezekani, na hapo ndipo mwanamke anayepandikiza mpunga akiwa ameinama kutwa nzima hukosa namna ya kuonesha kuwa alipunjwa.

Wenye mashamba nao wana hoja isiyopaswa kupuuzwa. Wengi si matajiri. Mkulima wa jaruba chache katika skimu ya Ndungu, yenye hekta 680 na iliyokamilika mwaka 1990 kwa msaada wa Japani, hununua mbolea na dawa, hulipia trekta na huduma ya maji kabla ya kuona punje moja. Fedha ya vibarua hutoka mfukoni au kwenye mkopo. Anaposikia ujira umepanda, hufikiria kupunguza eneo analolima, au kumwongezea mnunuzi bei.

Na bei ni jambo zito. Katika Fahirisi ya Bei za Mlaji yenye mwaka wa kizio 2020, chakula na vinywaji visivyo na kilevi vina uzito wa asilimia 28.2. Kaya yenye kipato kidogo hutumia sehemu kubwa zaidi ya hiyo kwa chakula, na kibarua mwenyewe ni mnunuzi wa unga na mchele. Ujira ukipanda na bei ikapanda kwa kiasi kile kile, hajapata kitu.

Hesabu ndogo ya mfano inasaidia kuona uzito wa kila upande. Tuseme gunia la mpunga la kilo 100 limehitaji siku 5 za kibarua, na ujira umeongezwa kwa shilingi 1,000 kwa siku. Gharama ya gunia itaongezeka kwa shilingi 5,000. Gunia hilo likikobolewa na kutoa kilo 65 za mchele, nyongeza ni takribani shilingi 77 kwa kilo, ikiwa yote itabebeshwa mlaji. Sasa chukua gunia lile lile likiuzwa kwa lumbesa. Mnunuzi analipia kilo 100 lakini anabeba kilo 120. Kwa bei ya shilingi 1,000 kwa kilo ya mpunga, mkulima amepoteza shilingi 20,000, mara nne ya nyongeza ile ya ujira. Mlaji wa Dar es Salaam haoni unafuu wa kilo hizo 20, kwa sababu mchele dukani huuzwa kwa kilo.

Kwa hiyo ujira wa kibarua hauwezi kuzungumzwa peke yake. Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, inataka mazao ya shamba yafungashwe kwa uzito usiozidi kilo 100, na Wakala wa Vipimo ndio wenye jukumu la kuisimamia. Pale mizani inapotumika, ikiwemo kuuza kwa pamoja kupitia ushirika, mkulima hubaki na fedha ya kumlipa aliyemsaidia kuvuna. Barabara nayo ina sehemu yake: uboreshaji wa barabara ya Same–Kisiwani–Mkomazi, inayohudumia tambarare hizo za mpunga na wakulima wa tangawizi wanaoshuka kutoka milimani, unagusa nauli ya kila gunia.

Hatua inayowezekana bila kusubiri fedha ni daftari. Kamati ya skimu au ofisi ya kijiji inaweza kuwa na rejesta inayoonesha jina la kibarua, mwenye shamba, kazi, siku na malipo, pande zote mbili zikitia saini au dole gumba. Mwenye shamba huhitajika kuyatunza maelezo ya mfanyakazi kwa miaka 5 baada ya ajira kukoma. Chama cha Wafanyakazi wa Mashambani na Kilimo Tanzania (TPAWU) kinaweza kupokea wanachama kutoka miongoni mwa wafanyakazi wa sekta hii.

Anayedai ujira wake huwasilisha mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi kwa kujaza fomu Na. 1 ya Tume na kumpatia mwajiri nakala. Madai ya ujira hupelekwa ndani ya siku 60 tangu mgogoro ulipotokea. Yanayohusu kuachishwa kazi, ndani ya siku 30. Ofisi ya Tume kwa Mkoa wa Kilimanjaro iko Moshi, takribani kilomita 100 kutoka mjini Same, hivyo kwa anayedai ujira wa siku chache, nauli ya kwenda na kurudi hupunguza sehemu kubwa ya anachokidai.