Neno "alóctono" na ugeni wa namna tatu

Kuna neno la kitaalamu la Kihispania ambalo ukilitafsiri haraka-haraka kuwa "-geni" umeshapotea njia. Neno lenyewe ni alóctono. Asili yake ni Kigiriki: allos, nyingine, na khthon, ardhi. Kitu cha ardhi nyingine, basi.

Wanajiolojia wanalitumia kwa majabali. Kule Cabo Ortegal, Galicia, yapo majabali yaliyosukumwa juu ya ardhi isiyo yao wakati mabara yalipogongana, zaidi ya miaka milioni 300 iliyopita. Miaka yote hiyo, na bado yanaitwa alóctono! Lakini hapo hakuna lawama, inaelezwa safari tu.

Wataalamu wa mito nao wana lao. Jani likidondoka kijitoni kutoka mti wa ukingoni ni alóctono, kwa kuwa halikuota majini. Na jani hilo ndilo chakula cha wadudu wa kijito, hasa penye kivuli ambapo mwani hausitawi. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Kwenye viumbe ndipo neno linapouma. Hapa alóctono ni kiumbe aliyefikishwa mahali na binadamu. Mwaka 1974 kamba wekundu wa maji baridi kutoka Marekani waliletwa kwenye vinamasi vya mto Guadalquivir kwa ajili ya biashara. Wameharibu mimea ya majini, na wanabeba maradhi yanayoua kamba wenyeji; ila wavuvi wa huko wanakula kwa jasho la kuwavua. Mahakama ya Juu ya Uhispania ilikaza sheria mwaka 2016. Mwaka 2018 Bunge likailegeza: viumbe walioingizwa kabla ya sheria ya mwaka 2007 kuanza kutumika waweza kupewa nafuu ya kuvuliwa na kuwindwa. Jabali halisamehewi kwa miaka milioni 300, samaki anaangaliwa tarehe!

Uholanzi walilivuka hata hilo. Kwa sura ya allochtoon, neno lilibandikwa watu. Mtoto aliyezaliwa hapohapo, mzazi wake mmoja akiwa kazaliwa nje, alihesabiwa allochtoon. Ofisi ya takwimu ililiacha mwaka 2016.

Ndiyo maana mie sikubali "-geni" pote. Jabali liwe "lililohamishwa", kiumbe awe "aliyeletwa". Kwa jani bado sijaridhika. "La kudondokea" lina ukweli, lakini wanafunzi watacheka.