Jinsi katika Sarufi na Jinsi katika Cheti

Mabibi na Mabwana,

Salamu hiyo imekwisha kuwagawa mafungu mawili ninyi mlioketi ukumbini, nami sikukusudia. Sarufi ya Kiswahili haina tabia hiyo. Kiambishi a- katika "amefaulu" hakitujulishi kama aliyefaulu ni mwanamume au mwanamke. Yeye ni yeye. Jinsi hujitokeza kwingineko: katika istilahi za ukoo kama "mjomba" na "shangazi", katika "kuoa" na "kuolewa", katika vifupisho Bw. na Bi. vya barua za ofisi. Nitasimulia kipande cha historia ya karibuni ya Kenya kinachodhihirisha yatokeayo pale alama za namna hiyo, zikiisha kuandikwa karatasini, zinapokosana na mtu mwenyewe.

Mwaka 2001 mtahiniwa mmoja alifanya mtihani wa kumaliza shule ya sekondari, akapewa cheti chenye jina la kiume na alama ya jinsi ya kiume. Baadaye aliishi kama mwanamke, akabadili jina kwa mujibu wa sheria, akawa Audrey Mbugua. (Wasikilizaji wataona kwamba nimeyasema hayo yote bila kulazimika kuchagua kiwakilishi, mfasiri wa Kiingereza angekwama kwenye sentensi ya kwanza.) Cheti, hata hivyo, hakikubadilika. Anayetafuta kazi anaelewa uzito wa jambo hili. Mwajiri akisoma jina la mwanamume ilhali mbele yake ameketi mwanamke, cheti halali huonekana cha wizi, na alama nzuri zilizomo hazimfai mwenyewe kitu.

Baraza la Mitihani halikukubali kukibadilisha, na shauri likafika Mahakama Kuu ya Nairobi. Tarehe 7 Oktoba 2014, Jaji Weldon Korir aliliamuru Baraza litoe cheti kingine chenye jina jipya na kisicho na alama ya jinsi. Alitaja utu wa binadamu, unaolindwa na Kifungu cha 28 cha Katiba ya mwaka 2010. Lakini hoja iliyonivutia mimi ni ile ya kawaida kabisa, kwamba kanuni za mitihani hazikudai jinsi iandikwe, wala mtahiniwa hasahihishwi kwa jinsi yake. Mahakama haikuandika "mwanamke" mahali pa "mwanamume". Ilifuta tu. Cheti kikarudi kuwa kama kitenzi cha Kiswahili.

Mwaka huohuo, mbele ya Jaji George Odunga, shirika la kutetea watu wa hali hiyo lilishinda kesi dhidi ya bodi iliyokataa kulisajili.

Katika siasa jambo ni gumu zaidi, kwa kuwa huko jinsi haifutiki. Katiba hiyohiyo imetenga viti 47 vya wanawake katika Bunge la Taifa, na inataka wa jinsia moja wasizidi theluthi mbili katika vyombo vya kuchaguliwa. Naiunga mkono shabaha hiyo. Hata hivyo, anayehesabiwa huhesabiwa kwa karatasi, na sheria ya usajili wa watu inataka jinsi iandikwe. Anayeishi kama mwanamke kwa kitambulisho cha mwanamume agombee kiti kipi?

Vyombo vya habari, navyo, vina tatizo la msamiati. Neno "shoga", ambalo wanawake wa pwani huitana kwa mapenzi ya urafiki, limegeuzwa kuwa lebo ya wanaume wapendao wanaume, na sasa watu kama Mbugua hutiwa humohumo. Wengine huwaita "huntha", ilhali huntha ni mtu aliyezaliwa na maumbile yasiyo ya kiume wala ya kike moja kwa moja. Sensa ya Kenya ya mwaka 2019 iliwahesabu watu hao 1,524. Istilahi iliyoenea, "aliyebadili jinsia", nayo ina kasoro: kitenzi kinasimulia tendo, na msomaji hufikiri mara moja habari za upasuaji, ilhali wengi wao husema hawakubadili kitu ila jina na mavazi. Nimewahi kupendekeza "mtu ambaye jinsia yake hailingani na jinsi aliyosajiliwa". Ni refu mno kwa kichwa cha habari, na mhariri atakayelikataa hatakuwa na kosa. Nawaachia wanafunzi walio na masikio makali kuliko yangu.