MPIRA MWEMBAMBA ULIOOKOA MIGUU YA WATU (uzi wa historia, sehemu 1 hadi 6)

1/6
Wengi mmeniuliza kwenye meseji: "Nesi, hivi mshipa wa damu ukiziba unazibuliwaje? Lazima wakupasue?" Leo nawajibu kwa historia. Weka chai karibu, uzi ni mrefu kidogo.

Kwanza niwaambie kwa nini jambo hili liko moyoni mwangu. Miaka kadhaa nyuma, nikiwa zamu ya usiku, aliletwa bibi mmoja mwenye kisukari. Mguu mmoja ulikuwa wa baridi kabisa, umepauka, nikimfinya kidole hasikii. Nikapapasa mapigo juu ya unyayo, hakuna kitu. Ulianza kuuma ghafla siku tatu kabla. Nyumbani walikuwa wanamkanda kwa maji ya moto, wakajua ni baridi yabisi. Mguu ule ulikatwa juu ya goti. Mwanawe alinifuata mlangoni akaniuliza, "Nesi, hakukuwa na njia nyingine?"

Njia ipo jamani. Ipo tangu miaka ya 1960. Ila ina saa zake.

2/6
Tuanzie Ujerumani, mwaka 1929, kwenye hospitali ya mji mdogo wa Eberswalde. Daktari kijana Werner Forssmann alitaka kupitisha katheta, yaani mpira mwembamba, kwenye mshipa wa mkono hadi ufike kwenye moyo. Wakati ule madaktari wengi waliamini ukipitisha kitu hadi ndani ya moyo wa mtu aliye hai, unaweza kumuua. Mkuu wake akamkatalia.

Sasa sikilizeni hapa, maana anaingia nesi. Funguo za kabati la vifaa safi vya upasuaji alikuwa nazo muuguzi Gerda Ditzen. Forssmann akambembeleza mpaka akakubali, tena akajitolea mwenyewe afanyiwe jaribio. Daktari akamfunga kwenye meza, akajifanya anamwandaa. Kumbe huku ameshajitia ganzi kwenye mkono wake mwenyewe, akachana, akausukuma mpira ndani! Alipomfungua Gerda ndipo dada wa watu akajua amedanganywa. Wakaenda pamoja chumba cha eksirei, mpira ukining'inia mkononi mwa daktari. Picha ikaonyesha ncha yake imefika ndani ya moyo. Na mtu yuko hai, anatembea.

Alionekana mwendawazimu na kazi ikamwia ngumu. Mwaka 1956 yeye na wenzake wawili wakapewa Tuzo ya Nobel. Gerda hakupewa kitu, ila mimi nikishika funguo za kabati la wodini huwa namkumbuka.

Ule mpira ulipita kwenye vena, mshipa unaorudisha damu kwenye moyo. Haukuzibua chochote. Ila watu walijua sasa kwamba mishipa ni barabara, na mpira unaweza kupita.

3/6
Tuvuke bahari hadi Marekani, mji wa Cincinnati. Kijana Thomas Fogarty alianza kufanya kazi hospitalini akiwa bado mwanafunzi, kwanza akiosha vifaa, baadaye akiwapa madaktari vyombo chumba cha upasuaji. Baba yake alishafariki, nyumbani hakukuwa na pesa.

Pale alikuwa anaona kitu kilekile nilichokiona mimi. Bonge la damu linatoka kwenye moyo, linasafiri, linakwama kwenye ateri ya mguu. Ateri ndiyo mshipa unaopeleka damu. Ikiziba, mguu unakosa chakula. Madaktari walipasua sehemu ndefu, saa nyingi mezani, halafu wengi bado walipoteza mguu au wakafa.

Fogarty akasoma udaktari huku swali lile linamsumbua. Akachukua mpira wa njia ya mkojo, akakata ncha ya kidole cha glovu, akaifunga mwishoni mwa mpira iwe puto dogo. Shida ikawa gundi haishiki. Lakini yeye alikuwa mvuvi tangu utotoni, anajua kufunga chambo kwenye ndoana kwa uzi mwembamba. Akaifunga kwa mafundo yale ya uvuvi, ikashika!

Inavyofanya kazi: daktari anachana kidogo kwenye kinena, anapitisha mpira puto likiwa limenywea, hadi lipite upande wa pili wa bonge. Halafu analijaza maji na kulivuta taratibu. Puto linarudi na bonge lote. Ni kama kuvuta kizibo kilichozama ndani ya chupa.

Mwaka 1961 likatumika kwa mgonjwa wa kwanza. Mwanzoni viwanda havikutaka kulitengeneza, akawa anayafunga mwenyewe kwa mkono. Leo katheta ya Fogarty iko kwenye vyumba vya upasuaji dunia nzima, na umbo lake halijabadilika sana.

4/6
Tuelewane kitu kimoja. Bonge la damu ni laini na huja ghafla. Lakini kuna uzibaji mwingine wa polepole: mafuta na chokaa vinajijenga kwenye ukuta wa ateri miaka na miaka, kama ukoko chini ya sufuria. Huu puto la Fogarty haliwezi kuung'oa.

Januari 1964, mji wa Portland, jimbo la Oregon. Bibi wa miaka 82, vidole vya mguu vimeanza kuoza, maumivu makali. Madaktari wa upasuaji wamesema mguu ukatwe. Bibi akakataa katakata! Akapelekwa kwa Charles Dotter, daktari wa picha za eksirei. Yeye kazi yake ilikuwa kupiga picha ya mishipa, siyo kutibu. Lakini kwenye picha akaona mshipa wa paja umebana sehemu fupi tu. Akapitisha waya mwembamba katikati, juu ya waya akapitisha mpira, kisha mpira mnene zaidi. Njia ikapanuka. Mguu ukapata joto, vidonda vikapona. Bibi aliishi zaidi ya miaka miwili baada ya hapo, akitembea kwa miguu yake mwenyewe.

Mngedhani alishangiliwa. Wapi! Wenzake wengi Marekani walimwita kichaa. Kuna madaktari walimpelekea wagonjwa na maelekezo kwamba apige picha tu, asiguse kurekebisha. Waliomsikiliza zaidi walikuwa madaktari wa Ulaya.

5/6
Mmoja wao ni Andreas Grüntzig, daktari mzaliwa wa Dresden aliyekuwa akifanya kazi Zürich, Uswisi. Alitaka puto gumu, lisilovimba ovyo kama la mpira, liusukume ule ukoko pembeni. Alilitengenezea wapi? Jikoni kwake! Jioni baada ya kazi, yeye, mkewe, msaidizi wake Maria Schlumpf na mume wa Maria, wanakata na kubandika mezani. Mwaka 1974 akalitumia kwenye mguu. Septemba 16, 1977 akalipitisha hadi kwenye mshipa wa moyo wa mgonjwa wa miaka 38, akiwa macho, bila kupasua kifua.

Lakini puto linasukuma uchafu pembeni, haliutoi, na mishipa mingi ilikuwa inabana tena. Ndipo miaka ya 1980 Marekani wakaja na mipira ya kukwangua. John Simpson aliweka kisu kidogo kinachozunguka ndani ya kikasha: kinachonga uchafu, unahifadhiwa mle mle na kutolewa nje. David Auth, ambaye ni mhandisi, akatengeneza kichwa chenye chembe za almasi, kinazunguka zaidi ya mara laki moja kwa dakika. Kinasaga chokaa ngumu, lakini ukuta laini wa mshipa unakwepa, kama wembe unavyokata ndevu na kuiacha ngozi. Vifaa hivi si vya kila mtu, maana mshipa unaweza kutoboka au vipande vikaziba mbele. Daktari ndiye anachagua.

6/6
Sasa turudi kwetu. Huduma ya kuzibua mishipa ya moyo kwa mpira inapatikana Tanzania, mfano Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete pale Muhimbili. Siyo kila wilaya, nakubali. Ndiyo maana nawaomba mjue dalili mapema:

🔴 Mguu ukiuma GHAFLA, ukawa wa baridi kuliko mwenzake, umepauka, una ganzi au haujongei: hospitali SASA HIVI, hata saa nane usiku. Saa sita za mwanzo ndizo za dhahabu. Usikande, usichue, usiweke maji ya moto.
🟡 Msuli wa mguu ukiuma kila akitembea na kuacha akipumzika, au kidonda cha mguu hakiponi: apelekwe kliniki wiki hii, apimwe mapigo ya miguu.
🟢 Bibi, babu au mzazi mwenye kisukari, presha, au anayevuta sigara: mvue soksi kila jioni. Angalia katikati ya vidole, gusa miguu yote miwili kwa pamoja. Watoto wanaweza kufanya kazi hii, na bibi anafurahi kushikwa miguu.

Yule kijana aliyeniuliza mlangoni, usiku ule sikuwa na jibu zuri la kumpa. Jibu langu ni hili, limechelewa: njia ilikuwepo, ila mguu ulitufikia siku ya tatu.

Mtumie mtu mmoja mwenye mzazi wa kisukari. Maswali weka hapo chini, nikitoka zamu nitajibu. Usiku mwema wapendwa. 💙