Botox Ilianzia Kwenye Soseji: Safari ya Sindano ya Uso Hadi kwa Wajukuu wa Uluguru

Si unamjua yule dada wa tamthilia ambaye akilia paji la uso halitikisiki? Machozi yanatiririka, sauti inakatika, ila hapo katikati ya nyusi pametulia kama maji ya Bwawa la Mindu alfajiri. Jina liachwe, mnajuana. Watu wanasema tu "kachoma" na stori inaishia hapo. Kumbe hicho alichochoma kina stori ndefu kuliko umri wa bibi zake wote, na ilianzia jikoni.

Miaka ya 1820 huko Württemberg, Ujerumani, watu walikuwa wanakula soseji na kufa. Siyo kuharisha, kufa. Macho yanaanza kuona mbili mbili, kope zinaanguka, ulimi unakuwa mzito, mwisho misuli ya kupumua nayo inagoma. Daktari mmoja aitwaye Justinus Kerner, ambaye pia alikuwa mshairi, akawafuatilia wagonjwa mmoja mmoja na kuandika kila dalili. Kisha akachukua ile sumu ya soseji mbovu akaijaribu kwenye mwili wake mwenyewe. Hapo ujue jamaa alikuwa na roho ngumu. Hakufa, na akaja na wazo lililowashangaza wengi: ikitolewa kidogo sana, sumu hii siku moja inaweza kuwa dawa. Jina lake botulinamu limetokana na neno la Kilatini, botulus, yaani soseji.

Mwaka 1895 kikanuka tena, safari hii Ubelgiji, kijiji cha Ellezelles. Wanabendi walikwenda kupiga msibani, wakapewa nyama ya nguruwe iliyohifadhiwa kwa chumvi. Watatu wakafa. Profesa Emile van Ermengem akaichunguza ile nyama na kumpata mchawi mwenyewe: bakteria anayependa kuishi pasipo na hewa.

Na msicheke Wazungu na soseji zao. Mwaka 1980 jarida la madaktari la Uingereza, British Medical Journal, liliandika kuhusu watu wa Kenya waliopatwa na sumu hiyo hiyo. Walikula nini? Kumbikumbi. Ndiyo, hao hao tunaowakimbiza kwenye taa mvua ikinyesha. Bakteria yule hachagui nguruwe wala mdudu, akikuta chakula kimefungiwa bila hewa anatengeneza sumu yake.

Sasa imefikaje usoni? Daktari wa macho wa San Francisco, Alan Scott, alikuwa anatafuta namna ya kutibu makengeza bila kisu. Sumu hii kazi yake ni moja: inazuia mshipa wa fahamu usiuamrishe msuli kujikunja. Scott akawaza, ukichoma tone dogo kwenye msuli unaovuta jicho upande, si utalegea? Akaanza na nyani, akaja kwa binadamu, na mwaka 1980 akachapisha matokeo. Mwisho wa 1989 Marekani ikaidhinisha dawa hiyo kwa makengeza na kwa watu ambao kope zao hujibana zenyewe. Hapo bado urembo haujaingia hata kidogo.

Urembo uliingia kwa bahati. Mwaka 1987 kule Vancouver, Kanada, daktari wa macho Jean Carruthers alikuwa na mgonjwa wa kope. Mama huyo alilalamika kwamba siku hiyo hajachomwa kati ya nyusi. Daktari akamwambia, lakini hapo hapana tatizo. Mama akajibu kwamba akichomwa hapo uso wake unakuwa kama wa mtu asiye na shida yoyote. Mume wa Jean, Alastair, alikuwa daktari wa ngozi. Fikiria maongezi ya mezani usiku huo! Wakamjaribia dada wao wa mapokezi, na mwaka 1992 wakaandika kitaalamu. Miaka kumi baadaye, 2002, Marekani ikaruhusu Botox kwa makunyanzi ya kati ya nyusi. Yaliyofuata mnayaona kwenye simu.

Ila kutafuta uso laini hakukuletwa na simu. Panda Uluguru, Matombo, Mgeta, Kinole, waulize wazee kuhusu mwali. Binti wa Kiluguru akivunja ungo alikuwa anawekwa ndani, zamani kwa muda mrefu kweli kweli. Jua halimpati, jembe hashiki, anakula vizuri, anafundwa. Siku ya kutolewa anapakwa mafuta, anabebwa, ngoma inalia, na kijiji kizima kinatazama ngozi iliyong'aa na kulainika. Yaani ile ilikuwa ndiyo posti yake, na haikuhitaji filta.

Na siku chache baadaye? Shambani, mlimani, juani. Ule ung'avu unaondoka taratibu na hakuna aliyeulilia, kwa sababu haukukusudiwa kubaki. Aliyekuwa anamfunda ni bibi mwenye makunyanzi, na hayo makunyanzi ndiyo yalikuwa cheti chake. Waluguru hufuata ukoo wa mama, ardhi hupita huko huko, kwa hiyo mwanamke aliyezeeka hakuwa mtu wa kupuuzwa. Nani angemsikiliza kungwi ambaye paji lake linalingana na la mwali?

Botox nayo haikai. Miezi mitatu au minne, mshipa unapata njia yake tena, msuli unaanza kujikunja. Tofauti ni kwamba mwali alitoka ndani mara moja tu maishani, na mwenzetu wa leo anatakiwa atoke kila baada ya miezi minne, kwa pesa.

Serikali nayo imebadilika na wakati. Mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, ikaanza Januari 1969: marufuku vimini, mawigi na krimu za kujichubua. Wasichana walikimbizwa mitaani Dar. Mwaka 2023 hospitali ya umma, Muhimbili Mloganzila, ikaanza kutoa upasuaji wa urembo. Kutoka kukimbizwa kwa sababu ya wigi hadi kupangiwa kitanda, ni maisha ya mtu mmoja tu.

Sasa linaloogopesha ni njia za panya. Mwaka 2024 Marekani kwenyewe, kwenye mamlaka kali zote zile, watu 22 katika majimbo 11 waliripotiwa kuugua baada ya kuchomwa sindano za aina hii, wengine kwa dawa bandia, wengine na watu wasio na leseni au majumbani. Dalili? Kuona mbili mbili, kope kuanguka, kumeza kwa shida. Soma tena aya ya Kerner. Kwa hiyo dada wa Moro akiambiwa kwamba kuna mtu saluni anachoma kwa bei ya kirafiki, aulize kwanza kasomea wapi udaktari. Kisha aulize dawa ilikaa friji gani, maana inatakiwa nyuzi joto 2 hadi 8, na ilipanda basi gani hadi kushushwa Msamvu.