Bustani Iliyoitwa Soko

Jina likishaandikwa katika ramani, kuling'oa ni kazi. Ndivyo ulivyopata uwanja mmoja wa Petra, mji wa kale uliochongwa majabalini katika nchi ya Yordani. Wataalamu wa Kijerumani walioupima mji huo wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, wakachapisha matokeo yao mwaka 1921, waliona viwanja vitatu kando ya barabara kuu, wakavikisia kuwa masoko: la juu, la kati na la chini. Kisio likageuka elimu. Kwa zaidi ya miaka 70 uwanja ule wa tatu uliitwa Soko la Chini.

Mwaka 1998 Leigh-Ann Bedal, mwanaakiolojia wa Marekani, alichimba hapo. Badala ya vibanda vya wachuuzi alikuta bwawa lenye urefu wa mita 43 na upana wa mita 23, na katikati yake kisiwa chenye jengo la fahari. Mfalme Herode wa nchi jirani naye alikuwa na bwawa la namna hiyo huko Herodion. Wafalme huonana wivu. Ikabaki swali: sehemu tupu iliyo mbele ya bwawa ilikuwa ya nini?

Kuchimba ni kuharibu. Katika bustani hasara huzidi, kwa kuwa ushahidi wenyewe ni udongo: shimo la mche, mfereji mdogo, njia ya kupitia. Kwa hiyo ilitangulizwa rada. Chombo hiki hukokotwa juu ya ardhi kwa mistari sambamba, kikipeleka mawimbi ya redio chini. Penye ukuta au sakafu sehemu ya mawimbi hurudi mfano wa mwangwi, na muda wa kurudi, unaopimwa kwa sehemu za bilioni za sekunde, huonyesha kina. Mistari ikiunganishwa hupatikana picha ya tabaka baada ya tabaka. Mchanga mkavu huyapitisha mawimbi vizuri. Udongo wa mfinyanzi uliolowa huyameza. Jangwa, basi, lina fadhila zake! Huko Petra picha zilionyesha majengo yaliyofukiwa, na Bedal akaendelea na machimbo pamoja na Kathryn Gleason, mtaalamu wa bustani za kale.

Kosa hilo la jina si dogo. Ukisema soko, Wanabatea wanabaki wafanyabiashara wa uvumba na misafara tu. Ukisema bustani, unawaona watu walioyaleta maji kwa mifereji kutoka chemchemi za nje ya mji, katika nchi ya mvua haba, wakayaacha yatulie yatazamwe. Kwa maoni yangu hiyo ilikuwa lugha ya utawala, nayo msafiri mwenye kiu hakuhitaji mkalimani. Neno letu bustani, lenye asili ya Kiajemi, maana yake ya awali ni mahali pa harufu nzuri; halina habari za maji, ingawa bila maji harufu haipo.

Upimaji wa aina hii umefika pia pwani yetu. Huko Songo Mnara, kisiwani karibu na Kilwa, watafiti walipima usumaku wa ardhi katika maeneo ya wazi baina ya majumba ya mawe. Zilijitokeza dalili za nyumba za miti na udongo, mahali palipoonekana kuwa patupu.