Kutoka Akedia hadi Uvivu: Safari ya Neno Moja

Katika orodha ya dhambi kuu saba ambayo wengi wetu tuliikariri katika mafundisho ya dini, imo dhambi iitwayo uvivu. Tumeona vyema kulifuata neno hilo hadi lilikotoka, kwa kuwa safari yake inamhusu kila anayefundisha tafsiri, na pia kila mwalimu aliyewahi kumwita mwanafunzi wake mvivu.

Orodha hiyo ilianzia katika jangwa la Misri. Evagrius wa Ponto, mzaliwa wa eneo ambalo leo ni kaskazini mwa Uturuki, alikuwa shemasi msomi mjini Konstantinopoli. Aliukimbia mji huo baada ya kumpenda mke wa mtu, akaugua alipokuwa Yerusalemu, kisha mnamo mwaka 383 akaenda kuishi na watawa wa Misri hadi alipofariki mwaka 399. Huko aliandika kwa Kigiriki juu ya mambo manane yanayomsumbua mtu moyoni: ulafi, uasherati, kupenda fedha, huzuni, hasira, akedia, majivuno na kiburi.

Hakuyaita dhambi. Neno lake ni logismoi, yaani mawazo. Kwa maoni yake, mtu hawezi kuyazuia mawazo yasimjie. Lililo mikononi mwake ni kuyaacha yakae au kutoyaacha. Kiswahili kinalieleza jambo hili bila taabu, maana tunasema "wazo limenijia", kama mgeni aliyebisha hodi. Kumkaribisha ni kitendo kingine. Evagrius aliandika pia kwamba kicho cha Mungu huimarisha imani, kiasi huimarisha kicho, na subira pamoja na tumaini huzaa apatheia, ambayo mtoto wake ni upendo. Apatheia si kukosa hisia; ni utulivu wa nafsi isiyoburutwa na kila wazo lipitalo.

Lakini ni akedia aliyoichora kwa ustadi kuliko yote. Humvamia mtawa kuanzia saa nne hadi saa nane. (Wanafunzi wetu watafurahi: hapa hakuna haja ya kubadili saa, kwani watu wa wakati ule walihesabu kuanzia macheo kama sisi.) Jua linaonekana halisogei, na siku kana kwamba ina saa hamsini. Mtawa anachungulia dirishani, anatoka nje kulitazama jua, anapima limebakiza kiasi gani kufika saa tisa, saa ya chakula. Anapachukia mahali anapoishi na kazi ya mikono yake. Anaona upendo umetoweka kati ya wenzake, anawakumbuka jamaa zake, na miaka iliyobaki inaonekana mirefu mno. Huyu si mtu anayependa usingizi! Dawa aliyopewa si kukemewa, bali kutokikimbia chumba chake, na kulia machozi huku sehemu moja ya nafsi ikiifariji nyingine.

Mnamo miaka ya 420, Yohane Kasiano, aliyekuwa amekaa Misri, aliiandika orodha hiyo kwa Kilatini kusini mwa Ufaransa ya leo. Neno akedia hakulitafsiri. Aliliacha lilivyo, akalifafanua kuwa ni uchovu au wasiwasi wa moyo. Sisi tunausifu uamuzi huo. Papa Gregori Mkuu (590–604) alikifanya kiburi kuwa mzizi wa yote, akaongeza wivu, na akedia ikamezwa na huzuni, yakabaki saba. Baadaye akedia ilirudi na huzuni ikatoka. Mtaguso wa Laterano wa mwaka 1215 ulipomtaka kila muumini aungame angalau mara moja kwa mwaka, orodha ya watawa ikawa ya watu wote, na mkulima aliulizwa yanayoonekana: je, ulikosa ibada? Thoma wa Akwino, katika karne hiyohiyo, alishikilia kwamba akedia ni aina ya huzuni, lakini lugha za watu zilizidi kuelekea kwenye uvivu. Kiswahili kiliipokea orodha hiyo ikiwa imekwisha kufika huko.

Hasara yake tunaiona vyuoni. Mwanafunzi anajifungia bwenini siku tatu, hana hamu ya kitu, nasi tunalo neno moja tu la kumpa. Hatusemi kwamba akedia ndiyo sonona. Sonona ni ugonjwa, na mgonjwa anahitaji tabibu. Lakini tukishasema "uvivu", hatumwulizi tena ni wazo gani limemjia, wala hatumpeleki hospitali.

Darasani tumejaribu "uchovu wa moyo", lakini msemo huo hauonyeshi ile chuki ya mtu kwa mahali pake. "Kukinai" kunayo, ila wengi hulihusisha neno hilo na chakula. Mwenye neno bora na alilete kwa mhariri kabla ya toleo lijalo.